Poda ya Njano ya Bwana Hodi

Mume wangu hakuwahi kumpa mnyama yeyote unga wa mahindi akauita dawa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa, na linasemwa na watu waliokula mezani kwangu. Linasemwa saluni, linasemwa kwenye foleni ya maji, na tangu binti yetu afungue duka la dawa za mifugo linasemwa hata mbele ya kaunta yake. Mwezi uliopita mteja mmoja alinyanyua pakiti, akaitikisa karibu na sikio, akauliza, "Hii nayo ni ile ya marehemu baba yako, ya kupikia uji?" Waliokuwa dukani wakacheka. Binti yangu naye alicheka, maana yuko kwenye biashara. Jioni akaja kwangu akalia mpaka kope zikavimba.

Nilifundisha kemia miaka ishirini na saba. Nimezoea kurudia somo kwa wasioelewa, lakini hili nitalieleza mara moja tu.

Mume wangu alikuwa daktari wa mifugo. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la mbolea, chenye dirisha lisilofungika vizuri na friji ya dawa iliyonguruma kuliko wagonjwa wake. Alikuwa mrefu, mwembamba, mikono ikinuka sabuni wakati wote. Alipokuja kwetu kujitambulisha, baba yangu alimuuliza kazi yake hasa ni ipi. Akajibu, "Mzee, napima joto la nguruwe. Na simpimi mdomoni." Baba yangu, mtu mkavu asiyejua mzaha, alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Nadhani niliposwa hapohapo.

Watu walimwita Bwana Hodi. Nguruwe ni mnyama wa kushtuka, na mama aliyejifungua akishtuka huweza kuwalalia watoto wake. Kwa hiyo mume wangu alikuwa akifika bandani anasimama nje, anagonga mlango kwa kalamu, anaita, "Hodi humu!" Haingii mpaka asikie wanaguna. Fundi cherehani, ambaye kibanda chake kilitazamana na banda la wifi yangu, hakuacha kumtania.

"Daktari, wamekukaribisha?"

"Wamesema nisubiri kidogo. Wanavaa."

Huyo wifi yangu ndiye dada yake mkubwa, na ndiye aliyemlea. Wazazi wao walifariki mume wangu akiwa na miaka tisa, na dada mtu akajikuta na mdogo wake na nguruwe watatu. Kila muhula wa shule uliondoka nguruwe mmoja. Mume wangu alikuwa akisema kwamba cheti chake cha udaktari kina kwato. Miaka mingi baadaye wifi alikuwa na nguruwe arobaini na wawili, mjane, hana mtoto, hana shamba. Nguruwe wale ndio walikuwa mume, mtoto na pensheni. Ugonjwa ulipoingia bandani kwake, mume wangu hakwenda kama daktari tu. Alikwenda kama mtu anayedaiwa roho yake.

Ilikuwa Jumatatu. Wifi alikuta nguruwe jike mmoja kijana amekufa, ngozi imepauka kama karatasi, na nyuma yake kinyesi cheusi kama lami. Wengine wanne walikuwa wamezubaa pembeni, hawataki kula. Mume wangu akawachoma sindano za penisilini, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye friji. Kufika Alhamisi walikuwa wamekufa watano zaidi. Mmoja alimpasua nyuma ya banda, juu ya karatasi ya nailoni, akaniita nione. Utumbo mwembamba ulikuwa umenenepa kama mpira wa kumwagilia bustani. Alipoufungua, ndani kulikuwa na mikunjo mikunjo kama ubongo, na damu iliyoganda ndefu kama kamba. Akakata kipande, akakitia kwenye chupa, akakituma maabara.

Siku hiyo mezani hakugusa chakula. Nikamuuliza kama penisilini ilikuwa imeharibika.

"Ni nzima kabisa," akasema. "Tatizo ni kwamba inabaki nje."

"Nje ya nini?"

Akachukua kifuniko cha kalamu yake, akakifunika kwa bilauri. "Kama ni yule mdudu ninayemshuku, haishi kwenye damu, wala haelei tu katikati ya utumbo. Anaingia ndani ya seli ya ukuta wa utumbo, anazaana humohumo. Na seli badala ya kufa inaanza kugawanyika ovyo, kama imepandwa na wazimu. Ndiyo maana umeona utumbo ule ulivyonenepa. Sasa penisilini inakwenda na damu, inafika mpaka hapa." Akapitisha kidole kuizunguka bilauri. "Inazunguka, inazunguka. Ndani haiingii, au inaingia kiasi cha kumtekenya tu."

"Ziko zinazoingia?"

"Ziko. Nyingine zinajazana ndani ya seli mara nyingi kuliko zilivyo kwenye damu. Lakini kuingia si kufika, Mwalimu. Ndani ya seli kuna vifuko vyenye asidi. Dawa ikinaswa humo inapungua nguvu, imo ndani na haina faida. Tetrasaiklini inaingia, na inamkuta mdudu pale alipo. Haimuui. Inamzuia kutengeneza protini zake, basi hakui, hazai. Kumaliza kazi ni juu ya mwili wenyewe."

Nilimsikiliza kwa raha, sitaficha. Kwa watu wa kemia na biolojia, mazungumzo kama hayo ni kama nyimbo. Yeye hakuwa na raha yoyote. Alikuwa ameitazama ile bilauri kana kwamba anaweza kuipasua kwa macho.

Majibu ya maabara yakathibitisha alichoshuku. Akakimbia mjini. Tetrasaiklini ya sindano hakuna, imekwisha, mzigo mwingine wiki ijayo. Kulikuwa na poda yake, ya njano, pakiti zimefungwa vizuri, tarehe bado mbali. Nilizishika kwa mikono yangu. Nilisoma maandishi yake yote mpaka yale madogo ya chini. Ilikuwa dawa halisi. Mtu akisema vinginevyo, anasema mbele yangu.

Siku ileile ofisi kuu ya mifugo ikampigia simu aende kuchanja ng'ombe kwenye ranchi ya mbali, siku nne, bila udhuru. Akaomba, akakataliwa. Basi akamwandikia dada yake maelekezo kwenye kadi: vijiko vingapi kwa kila kihori, asubuhi na jioni, changanya na pumba, lowesha. Akaibandika mlangoni. Shule zilikuwa zimefungwa, akaniomba niende kila siku nisimamie.

"Wewe unapima vizuri," aliniambia akifunga buti zake. "Dada anakadiria kwa macho."

Kadi ilisema lowesha. Haikusema lowesha na nini. Kwa daktari yeyote hilo ni maji. Lakini mtaani kwetu, mtu akisema analowesha pumba, ana maana moja. Nyuma ya soko kulikuwa na kiwanda kidogo cha jibini, na yale maji yanayobaki maziwa yakishaganda walikuwa wanayatoa bure. Kila mfuga nguruwe alikwenda na madumu yake asubuhi. Nguruwe waliyapenda na walinenepa nayo. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyewafundisha watu kuyatumia, miaka kadhaa nyuma, na walimshukuru sana.

Asubuhi ya kwanza tulichanganya poda na pumba na maji ya bomba. Nguruwe wakanusa, wakageuka. Poda ile ni chungu. Wifi akawabembeleza, akawatukana, akawabembeleza tena.

"Kuleni, nyie! Mnaringa na kaburi?" Kisha akanigeukia. "Wifi, wewe ndiye mwenye kemia yako. Nikiwalowesha na maji ya jibini kama siku zote, watakula. Kuna ubaya?"

Nikajibu. Sikufikiri hata muda wa kumeza mate.

"Sioni ubaya, wifi. Ile ladha itaficha uchungu. Hata mtoto si unampa dawa na maziwa?"

Akaleta dumu. Nguruwe wakaja mbio, hata wale waliokuwa wanayumba. Walikula, wakalamba kihori mpaka mbao zikang'aa. Wifi akanigonga mkono.

"Elimu hiyo! Ada yako haikupotea, wifi!"

Na mimi nikajisikia vizuri. Nilirudi nyumbani nikiwa nimenyoosha shingo.

Siku ya pili walikufa watatu. Siku ya tatu, wanne. Tulipima kwa uangalifu zaidi, nikatumia mizani ya maabara ya shule. Walikula kila kitu, tukamimina maji ya jibini mengi zaidi ili wale zaidi. Wifi aliacha kunitania. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimpapasa masikio mama mmoja mkubwa, yule aliyekuwa akimwita Mama Mkwe kwa jinsi alivyokuwa mkali, na kila baada ya muda ananiuliza, "Dawa inaanza lini kushika?" Mimi namjibu kesho.

Nikampigia mume wangu. "Wanakula dawa yote na bado wanakufa."

"Yote?"

"Wanalamba mpaka mbao."

Simu ikakwaruza. "Poda ile ni chungu," akasema taratibu. "Wagonjwa wanailambaje?" Halafu mtandao ukakatika, na sikumpata tena.

Alirudi siku ya nne mchana, bado ana vumbi la ranchi kwenye kofia. Bandani kulikuwa na watu: fundi cherehani, na wafugaji watatu waliokuwa wanahofia mabanda yao. Mume wangu akagonga mlango, akaita hodi, akasubiri. Hakuna aliyeguna. Akaingia. Akawatazama waliolala, akawatazama wachache waliosimama, akainama kwenye kihori, akachovya kidole, akanusa.

"Dada, umelowesha na nini?"

Wifi alifungua mdomo. Macho yake yalinijia mimi tu, kwa nukta moja, na mume wangu akayaona.

Wakati huo nilikuwa nimeshaelewa. Niliona kidole chake kimelowa maji ya jibini, na nikaona ubao wangu mwenyewe wa darasani. Maji yale yamejaa kalsiamu. Kalsiamu ikikutana na tetrasaiklini huikamata, zinashikamana, na kinachopatikana hakipenyi ukuta wa utumbo kuingia kwenye damu. Isipoingia kwenye damu, haizifikii zile seli kwa njia ya damu, wala haizifikii kutoka upande wa pili, ndani ya utumbo, maana imeshafungwa mikono. Dawa halisi, kipimo halisi, na kwa siku nne karibu yote ilikuwa inapita tumboni mwao kama abiria aliyelala akapitiliza kituo. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu tabia za kalsiamu kwa miaka hiyo yote. Nilijua kila kitu nilichohitaji kujua, na nilikuwa nimesimama pale na kijiko mkononi.

Mume wangu alisimama, akafuta kidole kwenye suruali.

"Kosa ni langu," akawaambia wote. "Dawa niliyowapa, kosa ni langu."

"Kosa gani, Daktari?" fundi akauliza.

"Langu."

"Au dawa haikuwa dawa?"

Hakumjibu. Mimi pia sikumjibu. Wifi akatazama chini. Na fundi, kwa kimya chetu sisi watatu, akajipatia kitambaa. Akapima, akakata, akashona mwenyewe. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa umevaa: Bwana Hodi amempa dada yake wa tumbo moja unga wa mahindi uliotiwa rangi, dawa yenyewe kaiuza ranchi. Walitia chumvi mpaka ikazidi chakula.

Poda iliyobaki ilikuwa ya siku mbili. Wagonjwa hawakuwa wanakula tena, kwa hiyo aliikoroga na maji matupu, akawa anawanywesha mmoja mmoja kwa bomba la sindano lisilo na sindano, wifi akishika taya, mimi nikishika tochi, maana pembe za banda zilikuwa na giza hata mchana. Mama Mkwe hakutaka kumeza. Mume wangu alipiga magoti kwenye uchafu, akamshika kidevu, akamwambia kwa sauti ya chini, "Tafadhali, mama. Meza tu. Mengine niachie mimi." Akameza kidogo. Nyingine ikatokea pembeni mwa mdomo.

Nikamuuliza kama sasa itafika.

"Ipitie wapi?" akasema. "Ukuta wa kuipokea ndio huo unaovuja damu."

Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko vifo vyenyewe. Mtu anajua mdudu yuko chumba gani, anajua dawa ipi inaingia chumba hicho, anajua itamfanya nini ikimkuta, na anakaa chini na bomba mkononi kwa sababu njia imebomoka. Mzigo wa dawa ya sindano ulifika Jumanne iliyofuata. Siwezi kusema kwamba kwa maji matupu tangu mwanzo wangepona wote. Mume wangu mwenyewe hakuwahi kusema hivyo. Wapo ambao wangekufa tu. Waliobaki walikuwa tisa. Mama Mkwe hakuwamo.

Nilitaka kuwaambia watu. Nilimwambia hivyo wiki ileile, tukiwa tunafua nguo zake za bandani kwenye beseni uani. Akakataa.

"Wewe unafundisha watoto wao," akasema. "Wakianza kuuliza kama kemia yako ni ya kweli, utasimama vipi mbele ya darasa? Wanafunzi wangu mimi wana kwato. Hawasomi magazeti."

Nilicheka, kwa aibu yangu. Na nikakubali. Naandika neno hilo waziwazi kwa sababu ndilo linalonihusu: nilikubali. Nilijiambia namtii mume wangu. Nilikuwa karibu kuwa mwalimu mkuu msaidizi, na mwaka uliofuata nikawa. Yeye alikuwa anapita sokoni akisikia watu wakinong'ona uji, anawasalimia kwa majina ya ukoo, anauliza hali za mifugo yao.

Wafugaji waliacha kumwita. Walimwita mtu mmoja wa mtaa wa juu aliyejifundisha kuchoma sindano kwa kutazama, naye akawachoma penisilini kwa kila ugonjwa, hata wa kwato. Mume wangu aliisikia habari hiyo, akatoka, akamfuata, akajaribu kumweleza dawa ipi inaingia ndani ya seli na ipi inabaki nje. Yule bwana akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Na unga wa mahindi unaingia wapi, Daktari?" Aliporudi nyumbani hakunieleza. Nilielezwa na wanafunzi wangu.

Aliishi miaka sita baada ya hapo. Alikwenda ofisini kila siku, akapangusa friji, akaandika joto lake kwenye daftari hata siku ambazo humo ndani hakukuwa na chupa hata moja. Siku za mwisho wa wiki alikwenda kwa dada yake kusafisha banda lililokuwa limebaki kubwa kuliko wanyama. Presha ndiyo iliyomchukua, ameketi kwenye kiti chake cha ofisini, buti moja imevuliwa. Kwenye mazishi fundi cherehani aliomba kusema maneno mawili. Akasema, "Alikuwa mtu mwema sana, ila…" halafu akajizuia, kwa heshima. Ningekuwa radhi amalizie. Neno "ila" lililoachwa hewani juu ya jeneza halina wa kulijibu, na mimi niliyekuwa na jibu nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, nimevaa nyeusi, nashikwa mikono na kupewa pole.

Basi majibu ndiyo haya. Poda ilikuwa dawa. Kipimo kilikuwa sahihi. Kilichoizuia ni maji ya jibini, na aliyesema maji ya jibini hayana ubaya ni mimi. Wifi yangu aliuliza vizuri, kwa mtu aliyepaswa kujua. Mume wangu alichukua lawama ambayo haikuwa yake, watoto wake wakairithi, na sasa inamfuata binti yangu mpaka dukani. Familia yetu haina mwizi. Ina mwalimu aliyejibu haraka kisha akanyamaza muda mrefu.

Kabla ya kuandika nilikwenda kwa wifi kuomba ruhusa. Nilimkuta anachambua majani kwa ajili ya nguruwe wake wanne wa sasa. Macho yake yamefifia, anachambua kwa vidole. Nikamsomea kila kitu nilichokusudia kuandika. Hakuacha kazi.

"Andika, wifi," akasema. "Nimechoka kuambiwa ndugu yangu mwizi. Miaka yote hii alinikataza kusema, na wewe ulikuwa hapo unaona."

"Nilikuwa naona."

"Andika basi. Nguruwe wangu hawatarudi, wala yeye. Lakini andika."

Nikamuuliza, baada ya miaka yote hiyo, kama amenisamehe. Alinijibu. Jibu lake siliandiki hapa, sitalisema mahali pengine, na yeyote atakayekuja kuniuliza asipoteze muda wake.